Msala wa Wifi Ukutani

Mtaani walimwita Mama Ukili, ingawa hakujaliwa kuzaa. Jina lilitokana na ukili, ule mshipi mrefu wa majani ya mkindu unaosukwa kwanza, kisha ukashonwa kwa mwenzake mpaka ukawa mkeka. Mikono yake haikujua kukaa bure. Alisuka akipiga soga, alisuka akingoja chai ichemke, na watu walisema hata ndotoni vidole vyake vinacheza. Alipofiwa na mumewe alirudi kwa kaka yake, akapewa chumba cha uani. Humo ndimo alimomfundisha kazi wifi yake, mke wa kaka, aliyeolewa hajui hata kuchana jani.

Basi makumbusho yakatangaza tamasha la sanaa za dini na kazi za mikono, na wote wawili wakaalikwa. Kila mmoja alipeleka msala wake, mkeka wa kuswalia, na siku ya ufunguzi waliingia ukumbini wameshikana mikono.

Palikuwa na marfaa za kuwekea msahafu, misalaba ya mpingo, na vitambaa vya altare vilivyodariziwa na sista mmoja mcheshi. Kwenye ukuta wa mbele, chini ya taa, palitundikwa msala mmoja peke yake. Ulikuwa wa wifi. Wa Mama Ukili ulitandikwa sakafuni, kwenye kona ya mafunzo, wageni waukalie wakijaribu kusuka.

"Wangu wanautazama tu, wifi," mwenzake alimwambia kwa nia njema. "Wako ndio una faida, unakaliwa."

Mama Ukili alicheka. Lakini asubuhi nzima hakuondoa jicho pale ukutani. Wageni walimzunguka wifi, wakampiga picha, wakamwuliza alianza lini. Wifi alijibu huku ameinamisha shingo kwa haya, na haya ile nayo ilimchoma Mama Ukili kuliko maringo. Kwenye msala wake mwenyewe, jamaa mmoja mnene alikuwa amejitandaza akila karanga.

Msimamizi wa maonyesho, mwanamke mpole wa miwani, alipita akamnong'oneza kwamba makumbusho yanafikiria kuuhifadhi moja kwa moja ule msala wa ukutani. Mama Ukili aliutupia jicho ule wake pale sakafuni. Maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Mzuri, sikatai. Ila ile rangi nyekundu huchuja. Mtu akitoka kutawadha, miguu mibichi, rangi yote itamhamia."

Ulikuwa uongo mtupu. Msimamizi alishukuru akaenda zake. Baada ya chakula cha mchana alirudi na kitambaa cheupe kilicholowa, akamwomba wifi radhi mbele za watu, akaeleza kwamba kuna aliyetilia shaka rangi. Hakusema nani.

Wifi alitazama chini kidogo. "Jaribu tu, dada," alisema. "Rangi hii sikuibuni mimi. Nilifundishwa kuichemsha na wifi yangu yule pale, nami sijawahi kuona ya kwake ikichuja."

Msimamizi alisugua, akasugua tena. Kitambaa kilibaki cheupe pe, naye akatangaza kwamba makumbusho yatauchukua msala ule. Watu wakapiga makofi wakimgeukia Mama Ukili, na sista akamsukuma kwa kiwiko, akimwambia asimame aonekane. Akasimama. Macho ya msimamizi yalipokutana na yake, alitamani sakafu immeze.

Jioni walipokuwa wakisubiri usafiri nje ya lango, alishindwa kuvumilia.

"Ni mimi niliyesema, wifi."

"Najua," wifi alijibu, akitengeneza mtandio wake. "Wengine pale hawajui hata kama majani yanachemshwa, wataitiliaje shaka rangi? Nimeumia, sikufichi. Lakini tusilipeleke nyumbani."

Walipofika nyumbani, kaka alikuwa barazani. Aliuliza mambo yamekwendaje. Wifi alimwambia msala wake umechukuliwa na makumbusho, na kwamba dada yake amepigiwa makofi ukumbi mzima. Kaka alifurahi mno, akamwita dada yake fahari ya nyumba.

Mama Ukili aliingia chumbani kwake akajifungia mlango. Alikuwa amesamehewa, tena amefichiwa aibu yake, na ilikuwa haki ashukuru. Alishukuru kweli. Lakini alipokaa kitandani alijikuta amekunja uso, akimwonea wifi yake kijicho hata kwa moyo ule mwema aliojaliwa, ambao yeye hakumfundisha.