Dada Anayemfungia Mdogo Wake Maji

Mapambazuko yanamkuta Mama Lango amepiga magoti kwenye ukingo wa saruji, anachungulia nguzo iliyosimama katikati ya mto. Kwenye nguzo kuna mstari mwekundu. Jana maji yalikuwa yanaugusa. Leo yako chini yake.

"Haya, yameshuka," anasema, kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba alioutarajia.

Anainuka huku amejishika kiuno, anaenda kwenye usukani wa chuma unaoendesha lango la mfereji, anaanza kuuzungusha. Chuma kinalia. Maji ya mashambani yanapungua, kisha yanakatika.

Sheria anayoitekeleza ni rahisi kuieleza, kuishi nayo ndiyo kazi. Wa kwanza kupata maji ni mto wenyewe, ili uwafikie walio chini. Wa pili ni mabomba ya kunywa ya mjini. Mashamba ni ya mwisho, mtu awe na kibali au asiwe nacho. Maji yakishuka chini ya mstari, mashamba yanafungiwa.

"Sheria waliiandika watu wengi," anasema, "lakini wa kutukanwa ni mimi peke yangu."

Aliajiriwa na chama cha watumiaji maji baada ya mumewe kufariki, kwa mshahara ambao, anavyosema mwenyewe, "unafika ukiwa umechoka kuliko mimi." Kiangazi kikikolea, salamu za sokoni huwa chache. Chai ya mtu hanywi, maana kabla hajamaliza kikombe atakuwa ameshaulizwa lango litafunguliwa lini.

Kinachomkondesha msimu huu ni vitunguu vya mdogo wake, wa tumbo moja, mwenye shamba kando ya mfereji. Ndiyo kwanza vinaanza kujaza, kunenepa chini ya udongo. Vikikosa maji sasa, msimu wake umekwisha.

Aliwahi kumhurumia. Hapa upenyo wa lango hupimwa kwa vidole vya anayelishika, na mwaka juzi alimwachia kidole kimoja.

"Nikajiambia, kidole kimoja nani ataona? Kumbe wameona wote. Wakaja kila mmoja anadai kidole chake. Ningewakatalia kwa mdomo upi?"

Huko chini mto ulikauka. Samaki walikufa kwenye vidimbwi, wanawake wakawa wanafukua mchanga kutafuta maji ya kunywa.

"Nilishuka nikawaona. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Alinitazama tu, hakunitukana. Heri angenitukana."

Jua halijapanda sana, mdogo wake anatokea, jembe begani, matope yamemkaukia miguuni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ulichofuata nakijua."

"Nusu saa tu, dada yangu. Mto hauna mdomo, utakushtaki wapi?"

"Ndiyo maana nimewekwa mimi."

Mdogo mtu anakaa chini. Kisha dada anatoa lililomkaa moyoni siku nyingi: kwenye mkutano wa chama ataomba kazi hii apewe mwingine, na anamtaka yeye, mwenye kinyongo kuliko wote, awe wa kwanza kumuunga mkono.

Ungedhani atarukia. Anatikisa kichwa.

"Nitapinga."

"Wewe? Na vitunguu vyako vinakufa?"

"Vinakufa, naona. Lakini ukinifungia wewe, nalala nikijua umemfungia kila mtu. Akija mwingine, si nitahamia kwenye kichaka hiki kumchunga?"

Anachukua jembe lake na kuondoka, akang'oe vile vilivyojaza kidogo, aokoe cha kuokoa.

Mama Lango anamsindikiza kwa macho. Machozi yanamtoka wala hayafichi.

"Nilikuwa nategemea hasira yake initoe hapa," anasema. "Sasa atanitoa nani?"

Ameshabadili ombi lake. Hataomba tena kuachishwa. Ataomba ruhusa ya siku chache mvua zikianza, mto ukiwa umefurika na hakuna mwenye shida na lango. Na atakwenda wapi kupumzika?

"Na mwili huu uliochoka niende wapi? Kwa mdogo wangu hapo," anasema, akijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Nitalala kwake mpaka anifukuze."