Ngozi Zangu Hazinuki

Mimi shule niliishia darasa la nne, na haya ninayaandika nikiwa nimekaa kwenye kiti nilichokiwamba mwenyewe, ndani ya nyumba ya bati la rangi niliyoijenga kwa pesa za ngozi mbichi. Hapa Morotonga wapo watu wenye vyeti vya kujaza sanduku. Lakini fundi wa Sirari akitaka ngozi ya kuwambia ngoma, haulizi mwenye vyeti anakaa wapi. Anauliza kwangu.

Kazi yenyewe ni hivi. Ngozi ikitoka machinjioni unaiosha damu na mavi kwa maji mengi, unaitandaza kwenye gogo, unaparua nyama na mafuta kwa kisu butu. Kisu kikali ni cha wajinga; kitatoboa ngozi halafu utasema ng'ombe alikuwa mgonjwa. Kisha unaimwagia chumvi upande wa nyama, kila kona, mpaka kwenye mikunjo ya shingo, unaikunja na kuilaza kwenye chaga yenye mteremko ili maji yachuruzike. Ikishajikamua unaikung'uta, unaianika kivulini, maana jua kali linaipika inakuwa kama chapati ya jana. Mwisho unaipandisha darini pamoja na majani ya mwarobaini, wadudu waione kwa mbali tu. Wengi wanakosea kwenye chumvi. Wanainyunyiza kana kwamba wanaunga mchicha. Mimi sina ubahili huo, ndiyo maana ngozi zangu hazinuki. Hilo nimelisema sokoni, nimelisema kanisani, na kwenye misiba pia nimelisema pale ilipofaa.

Basi, mwaka juzi binti yangu wa kwanza akapata mchumba kutoka Busawe. Kijana mpole, analima mihogo na ana pikipiki. Binti alimpenda kiasi cha kuimba akiosha vyombo, jambo ambalo halikuwahi kusikika nyumbani kwangu. Ikapangwa siku ya kuleta ng'ombe wa mahari.

Kwetu ng'ombe wa mahari sharti waingie zizini kwa baba wa binti. Wakiingia, binti ana mume. Wasipoingia, wageni wanarudi na mifugo yao, na maneno yanabaki kijijini. Kabla hawajaingia, baba anasimama mlangoni mwa zizi na kuwakagua, na akiona dhaifu anamkataa. Hapo ndipo nilipokuwa napangoja kwa hamu. Mtu anayejua ng'ombe mpaka upande wa ndani wa ngozi, utamdanganya na nini?

Mke wangu alinifuata asubuhi ile. "Baba watoto, hizo ngozi zipeleke kwa jirani, leo tu."

"Kwani zinanuka?"

"Sisi tumezoea."

"Nimekuuliza, zinanuka?"

"Hazinuki," akasema, akaenda zake jikoni.

Mimi badala ya kupunguza nikaongeza. Nilikuwa nimetoka machinjioni na ngozi ya dume jeusi, pana kama shuka la kitanda cha sita kwa sita. Nikaiosha, nikaiparua, nikaipa chumvi yake na kuilaza kwenye chaga kando ya njia ya wageni. Sikuiweka pale kwa bahati mbaya. Nilitaka mkwe aione. Halafu nikavaa suti.

Mkwe mwenyewe, baba wa kijana, alitangulia na wazee wenzake. Mtu mrefu, mkavu, fimbo mkononi, maneno machache.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mura." Kwetu mura ni kijana, na kwa mzee kama yule hata mimi ni kijana.

Sikumpa hata kiti. Nikampeleka moja kwa moja kwenye chaga. "Nusa."

"Ninuse nini?"

"Hiyo ngozi. Ni ya leo."

Akawatazama wenzake, kisha akainama, pua ikagusa manyoya. "Sisikii kitu."

"Vuta vizuri."

"Nasikia chumvi."

"Umeona sasa," nikawaambia wote. Mzee mmoja akanusa na yeye, bila kuombwa.

Hapo ng'ombe wakatokea, wakiswagwa na ndugu za kijana. Mbele alikuwa jike la kahawia lenye pembe moja iliyopinda. Lilipokaribia mlango wa zizi likasimama, likainua pua, likatoa ule mlio ambao mchungaji yeyote anaujua. Ng'ombe akisikia damu ya mwenzake hulia, hukwangua ardhi kwa kwato, na wenzake hukusanyika walie naye. Wa kwangu hawafanyi hivyo. Wamezaliwa kwenye harufu hiyo, kwao ni kama harufu ya jikoni. Hawa wa Busawe walilipita zizi, wakaizunguka chaga na kuangua kilio. Mama mmoja ng'ambo ya njia alitoka nyumbani kwake akijifunga kanga kiunoni, akauliza nani amefariki.

"Mura," mkwe akasema, "ng'ombe wangu wanalia."

"Wana kiu."

"Tumewanywesha mtoni."

"Basi ni uchovu wa safari."

"Ng'ombe akichoka analala. Hawa wanaomboleza. Mwanangu haoi kwenye nyumba ambayo ng'ombe wanaiomboleza." Akawageukia vijana wake. "Wageuzeni, turudi."

Vijana wakachapa, wakapiga miluzi. Hakuna ng'ombe aliyesogea. Kuingia hawataki, kuondoka hawataki. Binti yangu akatoka jikoni, mikono ina unga, akasimama karibu yangu. Mbele ya wakwe msichana hapazi sauti. "Baba," akanong'ona, "iondoe." Macho yalikuwa yamejaa.

Nikaibeba ngozi kichwani, nimevaa suti hivyo hivyo, nikakimbilia nyuma ya nyumba niitupe kwenye mihogo. Maji ya chumvi yananichuruzikia shingoni. Nikasikia kwato. Kugeuka, kundi zima liko nyuma yangu linalia. Nikazunguka nyumba, nao wakazunguka. Raundi ya pili mke wangu akasema kutoka mlangoni, "Pita zizini, baba watoto." Wazo hilo nilikuwa nalo tayari, yeye aliwahi tu kulitamka.

Nikaingia zizini. Wakaingia wote, wanasukumana, pembe iliyopinda mbele. Binti yangu akaziba mlango kwa miti kabla mwanamume yeyote hajainua mguu.

Mkwe akaja kuegemea ua. Mimi niko katikati, mavi mpaka kwenye vifundo, ngozi kichwani, waombolezaji wamenizunguka.

"Mura, wameingia."

"Wameingia."

"Umewakagua? Yupo unayemkataa?"

Nikatazama. Mmoja alikuwa anachechemea. Mwingine mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa Mugumu. Siku nyingine hao wangerudi Busawe kabla ya chai. Lakini baba gani anakataa ng'ombe aliowaingiza mwenyewe kwa kichwa chake?

"Wote wazuri," nikasema.

"Hata huyo mwembamba?"

Huyo mwembamba alikuwa ananilamba chumvi sikioni.

"Huyo ndiye mzuri kuliko wote."

Vigelegele vikalipuka jikoni, na cha binti yangu pale mlangoni mwa zizi kikiwa juu ya vyote, mkwe asikie asisikie.

Ile ngozi nyeusi nikaja kuiwambia ngoma ya harusi. Mkwe aliisogelea, akainama, akanusa mbele ya watu, akatikisa kichwa. Haikunuka. Na tangu hapo majirani wakiletewa ng'ombe wabishi wa mahari, wananiita nije na ngozi. Naenda. Ila suti naiacha nyumbani.