Sharifa na Fimbo ya Mtani

Sharifa hakuwa mjinga, na anayetaka kubishana aje Magomeni tubishane. Neno likishapita sikioni mwake lilikuwa halitoki tena. Mahubiri ya Ijumaa, matangazo ya mkutano wa mtaa, ugomvi wa majirani wa mwaka juzi, yote aliweza kukutolea kama yalivyosemwa, na sauti za wenyewe akaziweka. Shida yake ilikuwa herufi. Zikiwa kitabuni hazikutulia hata kidogo. Zilibadilishana viti kama watoto wa chekechea mwalimu akitoka nje, na Sharifa akiishika moja, wenzake wameshahama.

Basi tangu aanze shule alisoma kwa masikio. Halima, rafiki yake wa dawati moja, humsomea ukurasa kabla ya kipindi, naye huumeza mzima. Akiitwa, husimama, huinua kitabu juu, hushuka na ukurasa mpaka mwisho kwa madoido. Mbinu hiyo ilimfikisha darasa la nne bila mtu kushtuka.

Kilichomponza ni magazeti. Bibi Mwajuma, bibi yake aliyemlea, alikuwa amemfunikia vitabu vyote kwa gazeti moja, vikafanana. Siku moja Sharifa akasimama kusoma Kiswahili, hadithi ya fisi aliyetumbukia kisimani. Alisoma jamani! Fisi akalia, kisima kikajibu, wenzake wakaziba midomo kwa kicheko. Akadhani wanamfurahia fisi.

"Sharifa," akasema Mwalimu Doris, mwalimu wa darasa hilo aliyehamia kutoka Bukoba, "huyo fisi yuko ukurasa gani wa Hisabati?"

Sharifa akakitupia jicho kitabu. Pembetatu tupu.

"Bado yuko njiani, mwalimu."

Darasa zima likaanguka kwa kicheko. Mwalimu Doris hakucheka. Alimchapa viganjani, kisha akatoa hukumu: Jumatatu Sharifa atarudi darasa la pili akaanze upya.

Darasa la pili! Huko ndiko alikokuwa Kassimu, mdogo wake, ambaye bado alikuwa akifungwa kamba za viatu. Jioni hiyo Kassimu alishakuwa bosi.

"Dada, ukija utakaa kwangu, nimekuwekea nafasi," akasema, mdomo umejaa muhogo. "Ila usinisumbue nikiwa nasoma."

Sharifa alitamani kumrushia jiwe. Machozi ya hasira yakamtoka.

"Siendi," akasema. "Bibi, siendi! Mimi si mjinga!"

"Nani kasema huyu ntoto mjinga?" Bibi Mwajuma akang'aka, akigeuza muhogo motoni. "Nenda kwa Mwalimu Mkuu ukamwambie."

"Ntamwambiaje? Mtoto hambishii Mwalimu Mkuu."

Hapo akakumbuka kiatu.

Mwalimu Mkuu, Mwalimu Chilumba, alikuwa Mmakonde wa Newala. Bibi Mwajuma na ukoo wake ni Wayao, na watu hao ni watani. Kwenye msiba wa jirani yao, Bibi alimvua Mwalimu Mkuu kiatu mbele ya waombolezaji wote, akamwita mla panya, akakikalia kiatu. Mwalimu Mkuu mzima, anayeogopwa na shule nzima, akarukaruka kwa mguu mmoja akicheka. Hakurudishiwa mpaka alipochota maji ya msibani kama Bibi alivyotaka. Ndivyo utani ulivyo: mtani akikunyang'anya kitu hukichukui kwa nguvu, unakikomboa kwa atakalo. Na ukikasirika, aibu ni yako.

Jumatatu wakapanga mstari. Mwalimu Doris akaita, "Sharifa, toka hapo. Nenda darasa la pili."

Sharifa akatoka. Kassimu akaanza kusogea ampishe. Lakini Sharifa akapita darasa la pili, akapita la kwanza, akaenda moja kwa moja mpaka barazani aliposimama Mwalimu Mkuu. Fimbo yake ilikuwa mezani mbele yake. Akaikwapua.

"Mtani!" akapaza sauti. "Mmakonde mla panya! Fimbo yako naishika mimi!"

Mwalimu Doris akaruka. "We mtoto! Huna adabu?"

"Mwache, mwalimu," akasema Mwalimu Chilumba, mdomo ukimcheza. "Hayo ni ya kwetu huku." Akamgeukia Sharifa, akakunja uso wa bandia. "Myao wee, mwizi kama bibi yako! Unataka nini?"

"Nipewe mtihani wa darasa la nne leo. Lakini nisomewe! Nijibu kwa mdomo. Nikishindwa, nitakaa kwa Kassimu na fimbo utaipata. Nikishinda, sitoki darasani kwangu."

Mwalimu Mkuu akatazama fimbo, akatazama shule nzima iliyomkodolea macho. Angefanyaje?

"Naikomboa," akasema.

Ofisini Mwalimu Doris ndiye aliyesoma maswali. Alianza kwa sauti kavu. Sharifa akajibu la kwanza, la pili, akajibu ya Sayansi, akajibu ya Uraia. Alikosea mawili matatu, moja akabishana nalo mpaka Mwalimu Mkuu akaingilia. Ikaja habari ndefu ya kusoma na kujibu. Mwalimu Doris akaisoma mara moja tu. Sharifa akamrudishia yote, na pale mwalimu alipokohoa katikati, akakohoa.

Mwalimu Doris akaweka karatasi chini.

"Ukitazama maandishi, unaona nini?" akauliza taratibu.

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Sharifa akamweleza yote, jinsi herufi zinavyohama na jinsi anavyochoka kuzikimbiza.

"Kumbe nilikuchapa bure," akasema Mwalimu Doris.

"Ndiyo, mwalimu," akasema Sharifa. "Ulinichapa bure."

Hakusema haidhuru, kwa sababu ilidhuru. Mwalimu Doris akainamisha kichwa, akasema nisamehe, na tangu siku hiyo mitihani akawa anamsomea yeye mwenyewe. Baada ya masomo hukaa naye wakazifukuza herufi pamoja, polepole, na mpaka leo nyingine bado zinawatoroka.

Siku hiyo, wakati wa mapumziko, Kassimu alimjia amenuna. "Nafasi yako niifanyie nini sasa?"

"Weka begi."

Kesho yake mstarini, kijana mmoja wa darasa la saba alichelewa. Mwalimu Mkuu akapapasa mezani, akakumbuka.

"Mtani, nimeshakomboa. Fimbo yangu iko wapi?"

Sharifa akajitokeza, akamkabidhi kifurushi cha gazeti. Mwalimu Chilumba akakifungua. Ndani mlikuwa na majivu.

"Bibi aliichomea muhogo," akasema Sharifa.

Mwalimu Mkuu akafungua mdomo akasirike. Shule nzima ikamtazama, na Sharifa akamtazama usoni bila kupepesa macho. Akaufunga.