Macho Yaliyoitangulia Taa

Jambo hili lote liligharimu kazi moja ya kreni, na imani ya mtu mmoja kwa macho yake mwenyewe. Nimehesabu mara mbili. Mimi halikunigharimu kitu, na ndiyo sababu ninaliandika: biashara ambayo upande mmoja hautoi chochote ina kasoro mahali.

Siku ya kwanza kazini, hospitali ya Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, muuguzi mkuu wa macho alinikabidhi tochi, ubao wa herufi E zilizogeuzwa huku na huku kwa wasiojua kusoma, na onyo moja. "Mdomo wa mgonjwa usiuamini. Litazame jicho, linasema kabla ya mwenyewe."

Sikuona jipya. Nilikulia dikoni, samaki wanaposhushwa, na huko mnunuzi huuliza bei ya samaki asiyemtaka. Anamshika changu, anakunja uso, anasema huyu wa juzi. Muuzaji hajali mkono. Anaangalia jicho limeruka wapi, mara moja tu, kabla mwenyewe hajalirudisha. Likimrukia kolekole, basi kolekole amepanda bei.

Baadaye nikahamishiwa Pundanhar, miaka minne ya vikope na vumbi, chini ya mkuu wa zahanati aliyetugawia sabuni kwa kuikata na uzi. Tulielewana sana. Kisha gesi ikapatikana baharini, Palma ikajaa wageni, nami nikaazimwa na kambi moja ya gesi kupima macho ya watu walioomba kazi ya kreni.

Kipimo chenyewe kilikuwa ubao wenye taa tatu ndogo: ya kati, ya kulia, ya kushoto. Mtu anatazama ya kati. Nikiwasha ya pembeni, jicho lake linatakiwa kuirukia. Kuruka huko kwa haraka Wareno wanakuita sacada. Sisi tulisema mruko. Sehemu ya pili ilikuwa ngumu zaidi: taa ikiwaka kulia, uruke kushoto, na ikiwaka kushoto, uruke kulia. Ni kazi ya yule mnunuzi wa dikoni, asiyetaka jicho lake limsaliti. Mimi nilikaa nyuma ya ubao, vidole kwenye vitufe, nikichungulia kwa tundu.

Siku moja akaja Bakari, mhesabu samaki wa Mocímboa. Alikuwa mtu wa kuhesabu korija kumi huku anabishana na watu wawili, na asikosee hata samaki mmoja. Alikuwa ameacha diko kwa ajili ya kreni hiyo.

"Daktari, leo nitazame vizuri," akaniambia. "Mke wangu ameshawatangazia majirani."

"Mimi natazama macho, sitazami majirani."

Tukaanza. Mara chache za kwanza hakuwa na tatizo. Kisha macho yake yakaanza kufika kabla ya taa. Kidole changu hakijabonyeza, yeye ameshakwenda kulia. Nikarudia kipimo kizima, maana mimi kitu sikihesabu mara moja. Safari ya pili akawa ametangulia zaidi.

Nikampelekea karatasi mkuu wa uchunguzi wa afya kambini. Akaisoma amesimama. "Mtu wa kreni asiyesubiri ishara ataua watu. Hafai." Nikatia sahihi.

Bakari alikuwa anangoja mlangoni. "Macho yangu yana nini, Daktari?"

"Yanatangulia. Hayasubiri."

"Ni ugonjwa?"

Nikasema sijui, ila kreni aiache. Akanishukuru, akaondoka akiwa ameziba jicho moja kwa kiganja, kisha la pili, akijaribu kuona lipi lenye kosa.

Miezi mitatu baadaye akaletwa daktari wa neva, mama mmoja mpole, kutufundisha siku mbili. Akatuambia kuwa ndani ya ubongo chembe za neva zimepangwa kama ramani, na kila chembe ina eneo lake. Kabla jicho halijaruka, chembe za eneo linalokusudiwa huanza kutoa ishara kwa wingi, na jicho huenda pale zinapoelemea.

"Kama mnada," nikasema.

"Mnada ambao kila mmoja anasikilizwa, na bei inatoka katikati ya sauti zote." Akaendelea: taa ikiwaka kulia na wewe ukusudie kushoto, ziko chembe zinazoitaja taa, na ziko zinazotaja makusudio. Anayeshinda sehemu ya pili ni yule ambaye makusudio yake yameizidi taa nguvu. Na mtu akishajua taa itawaka wapi, chembe za upande huo huanza kunong'ona hata taa haijawaka.

Nikaweka kikombe chini. "Ataijuaje, mama?"

"Kama inawashwa kwa mpangilio. Hapa vitufe anabonyeza nani?"

"Mimi."

"Kwa mpangilio gani?"

Ikanibidi niseme. Mbili kulia, mbili kushoto. Ndivyo mikono yangu inavyojua. Dikoni samaki hurushwa wawili wawili, na mikono haikupata kuacha. Wengine hawakuushika mpangilio huo. Bakari, mhesabu samaki, aliushika baada ya mara sita.

Yule mama akanitazama. "Basi hukumpima macho. Ulimpima hesabu yako."

Nilirudi kwa mkuu wa uchunguzi. Akasema kreni ina mtu tayari, ila Bakari akija atapimwa upya kwa kazi nyingine. Toka siku hiyo nikaokota kete kwenye mfuko bila kuangalia, nyeusi kulia, nyeupe kushoto, ili kujua niwashe taa ipi. Lakini Bakari alikuwa amekwenda kulima Pundanhar kwa wajomba zake, nami nikasema nitamfuata barabara ikikauka. Ilikauka. Ikalowa tena. Kisha vita vikaja, tukatawanyika.

Nimestaafu. Mwaka jana nilikutana naye Palma, sokoni, ana mvi. Pikipiki haendeshi, panga hashiki mtoto akiwa karibu. Anasema macho yake hayasubiri. "Wewe uliniokoa, Daktari. Ningeua watu." Aliyasema hayo huku akiuliza bei ya changu, na jicho lake likamrukia kolekole na kurudi, safi kabisa, sijaona mruko mzuri kama huo.

 Tangu hapo ananiletea korosho kwa shukrani. Viroba viwili. Nimehesabu.

Ninyi mnaoanza kazi hii sasa, na mna vipimo vinavyojiwasha vyenyewe, nishaurini. Nikimwambia, namrudishia macho mazima na namwonyesha kreni aliyoikosa bure, yote kwa siku moja. Nikinyamaza, atakufa akiyaogopa. Mimi naona nimeshakusudia, mdomo tu ndio haujafika. Lakini viroba nimrudishie kwanza ndipo niseme, au niseme kwanza? Msichelewe kunijibu. Ameahidi kuja Ijumaa baada ya sala, na kiroba cha tatu.