Siku Kavuo Alipogonga Jembe

Muulize mtu yeyote wa Vulamba ni nani alikuwa na mdomo mkali kuliko pilipili. Atakutajia Kavuo kabla hujamaliza swali, kisha atageuka nyuma kuangalia kama hayuko karibu. Mwanamke mfupi, miguu minene ya kupanda milima, kitambaa cha kichwani kimekazwa kama cha mtu anayekwenda kupigana. Na vita yenyewe haikuwa mbali. Ilikuwa ile miaka ya rebellion, ya waasi, kila mara wakubwa wapya, na kila mkubwa na amri yake.

Mume wake, Éphraïm, alikwenda Manguredjipa kutafuta dhahabu. Kilichorudi ni kofia. Kavuo aliitundika ukutani, akabeba jembe, akateremka bondeni. Poireau, zile mboga kama vitunguu, hazingoji mtu amalize kulia.

Lile jembe lilikuwa la sifa. Fundi mmoja wa Beni alilifua kutoka kwenye chuma cha ressort ya camion, ile springi ya lori, na ukiligonga kwa jiwe linalia kuliko sauti ya padiri. Wewe uliyesoma unaweza kuuliza, jembe la kulia ni la nini? Basi sikiliza, hili hutalipata shuleni.

Juu ya bonde la Vulamba, pale bustani zinapoishia na njia ya Rughenda inapoanza, kulikuwa na mti wa miiba wenye maua mekundu. Wakati wa jua kali mti ule unavaa maua matupu, hauna jani hata moja, kama mtu aliyevaa koti bila shati. Kisha maua yanaanguka. Halafu siku moja, kwenye ncha ya tawi la juu, linatoka jani la kwanza. Hapo mvua iko njiani. Wengine hungoja redio iwaambie. Watu wa Vulamba walikuwa na mti, na mti haujawahi kuomba betri.

Na desturi yao ilikuwa hii: anayeliona jani kwanza anageuza jembe, anachukua jiwe, anagonga. Bonde lote linasikia. Kila mtu anateremka na mbegu zake, wanapanda pamoja, siku moja. Kwa nini pamoja? Kwa sababu ya njiwa. Bonde lote likipandwa, njiwa wanadonoa hapa kidogo na pale kidogo, hawamalizi mtu. Mmoja akipanda peke yake, wanakaa kwake kama kwenye karamu ya ndoa. Basi aliyepanda kabla jembe halijalia aliitwa mwizi wa mvua, na jina hilo halikutoka hata kwa kubatizwa upya.

Sasa ingiza basoda, wale askari wa kambi, hapo.

Wezi wenye bunduki walipoanza kuingia mitaani, watu waligonga masufuria ili kuamshana. Commandant wa kambi ya juu, Omer, aliyetumwa kutoka jimbo la mbali, Mkristo wa kukaa benchi la mbele, akasema kelele zile zinawaita Mai-Mai, wale wapiganaji wa msituni. Hakusema wezi wakamatwe. Alisema masufuria yanyamaze! Atakayegonga chuma chochote atalala kwenye shimo la kambi. Na shimo lile halikuwa hadithi, watu walikuwa wametoka humo wakitembea kama wazee.

Msimu wa kwanza baada ya amri, watu walijaribu kupashana habari kwa mdomo. Wakati wa vita mdomo unabeba uongo mwingi, na ukweli ukiupakia juu yake unaanguka njiani. Nusu walisema jani limetoka, nusu wakasema ni mzaha wa Lusenge, binamu ya marehemu mume wa Kavuo. Waliopanda, Kavuo akiwemo, njiwa waliwafuta. Ndiyo maana msimu huu Kavuo alibaki na kikapu kimoja tu cha maharagi, kimetundikwa juu ya moshi wa jiko. Hakukula hata punje moja. Kikapu kile kikipotea, mwaka huo hakuna kingine.

Kila asubuhi aliutazama ule mti kama mtu anayemtazama mdeni wake. Maua yalianguka. Yeye alikuwa bondeni, mti uko juu, macho yalikuwa yanaanza kuzeeka, na alikataa kabisa mtu ayataje hayo macho.

Asubuhi moja akawaona njiwa. Walijaa katika shamba la Lusenge, ambaye bustani yake iko pale pale chini ya mti. Njiwa hawakusanyiki kusali. Kavuo akafunga kikapu cha mbegu kiunoni, akabeba jembe, akapanda mpaka pale, akaingiza kidole kwenye udongo, akatoa haragi. Akainua kichwa. Jani lilikuwa juu pale, limeshafunguka kama kiganja. Halikuwa jani la leo.

“Shemeki!”

Lusenge akatokea nyuma ya migomba. “Wabukire, mama Kavuo.”

“Hapana unisalimie! Hii ni nini?”

“Maharagi.”

“Minajua ni maharagi, minafikiri dhahabu? Nani aligonga?”

“Hapana mutu aligonga.”

“Donc umeiba mvua.”

“Mama, unapenda nigonge na nini? Na kichwa yangu? Basoda bako pale, unaona mpaka soksi zao kwenye kamba. Miye niko na batoto.”

“Na shiye tuko na mbuzi?”

Lusenge akakuna shingo. “Mais lakini uko na miguu,” Kavuo akaendelea, “na moshi ya jiko yangu unaiona kutoka hapa. Msimu ile ingine ulikuya kuniambia pole. Kuniambia jani, miguu ilikataa?”

“Polepole basi.” Akasogea, akashusha sauti. “Sasa umejua. Enda upande na weye. Tunyamaze shiye wawili. Bengine bataona benyewe.”

Hapo ndipo alipokosea. Angemtukana, angepona. Lakini alimfanya Kavuo awe kama yeye, mwizi wa pili, na njiwa walikuwa wanamsikiliza. Kavuo alipanda kwenye jiwe kubwa la mpakani, akageuza jembe, akaokota jiwe, akagonga.

Ngeee! Ngeee! Ngeee!

Lusenge akashika kichwa. “Eh Mungu Nyamuhanga, huyu mwanamuke anatuua!”

Bonde likaamka. Bibi Kahongya, ambaye siku zote alisema magoti yamekufa, alitoka mbio. Sophie wa kabichi akaja na kikapu kichwani. Wanaume, wanawake, wote na majembe begani, wakipiga vigelegele, wakiteremka kutoka kila njia. Sasa jiweke mahali pa soda, askari wa zamu pale juu. Amesikia chuma, anaona mlima mzima unatembea na majembe. Wakateremka na bunduki. Omer mwenyewe alikuwa na kiatu kimoja kimefungwa kamba, kingine kinaburuta ulimi.

“Botelema! Nani abeti? Nani aligonga?”

Watu wakasimama kama alivyoamuru. Vigelegele vikakatika. Lusenge alikuwa anautazama mgomba kana kwamba amekutana nao leo.

“Ni miye,” akasema Kavuo.

“Unaita nani?”

“Mvua.”

“Mama, unaniona mutoto? Hii batu yote na majembe, ni mvua?”

“Ni batu ya kupanda. Njo kazi yao. Weye kazi yako ni gani, kutuchunga tusigonge sufuria, na bezi banapita mbele ya mulango yako?”

Soda mmoja akasema “azali liboma”, yaani kichaa. Bunduki moja ikasikika ikikokiwa. Watoto wakashika sketi za mama zao.

“Utanitupa mu shimo,” Kavuo akasema. “Sawa. Mais kwanza napanda.”

Akawapa mgongo, akashuka kwenye bustani yake, na wote wakamfuata. Akainama, akafungua tundu, akatupa maharagi mawili, akafunika kwa mguu. Bibi Kahongya akainama. Sophie akainama. Bonde zima likainama, na jeshi likabaki na bunduki mbele ya makalio ya Vulamba yote. Hakuna shule ya kijeshi inayofundisha cha kufanya hapo.

Omer hakuweza kutia bonde zima shimoni. Lakini mkubwa aliyeaibika lazima aondoke na kitu. Akalishika jembe la Kavuo. “Hii ni silaha. Inabaki kambi.” Wakavutana. Kavuo angeweza kuvuta mpaka jioni, lakini kikapu kiunoni kikaanza kupinduka, mbegu zikataka kumwagika. Akachagua mbegu. Akaachia.

Commandant akapanda mlima na jembe lake la vita. Kavuo akaenda moja kwa moja kwa Lusenge, akanyoosha mkono. Lusenge akatoa la kwake, kisha akakumbuka kuuliza, “Na miye?”

“Weye ulishapanda.”

Mvua ikaja kabla wiki haijaisha, mvua ya wima, ya kweli. Shamba la Lusenge njiwa walikuwa wameshalisafisha. Akaja mlangoni na bakuli tupu, amejifunika gunia. Mtu hanyimwi mbegu, hata adui, hiyo nayo ni desturi. Kavuo akamjazia bakuli kutoka punje zilizobaki, na kila kiganja kikashuka na tusi lake, mpaka Lusenge akashindwa kujua alichobeba zaidi.

Maharagi yalikuwa yameinua vichwa pale sauti ilipotoka kambini. Ngeee! Basoda walikuwa wanachimba handaki na lile jembe, na mlima ule ni mawe matupu. Ngeee! Ngeee! Bonde lote likasikia. Bibi Kahongya akacheka mpaka akakaa kwenye matope.

Kavuo hakucheka. Kila pigo lilikuwa linatafuna makali ya jembe lake. Alisimama katikati ya mistari yake ya kijani, mvua inamtiririka usoni, akawapigia kelele:

“Mumechelewa, bajinga! Shiye tulishapanda! Na mukiharibu ile jembe nitakuya kuichukua mimi mwenyewe!”

Kule juu hawakusikia. Waliendelea kugonga.