Debe la Maji na Pikapu ya Baba

Enzi zetu, ninyi wenzangu mliozaliwa Mwingereza akiwa bado anatutoza kodi ya kichwa, mtanishuhudia: kule juu Newala maji yaliogopwa kuliko Bwana Shauri, yule mkuu wa bomani. Visima vilikuwa chini bondeni, na mteremko wake ulikuwa mrefu kiasi kwamba mwanamke aliondoka na mimba akarudi na mtoto anayetambaa. Haya, nimeongeza kidogo. Lakini jogoo wa kwanza aliwakuta mama zetu njiani, na walipotua madebe nyumbani jua lilikuwa limeshapanda juu ya mikorosho. Kikombe kimoja kiliosha uso, kikaosha miguu, kikamaliziwa kwenye mche wa mpapai. Kuoga mwili mzima ilikuwa habari ya Krismasi na Pasaka. Tulikula mizizi ya ming'oko kwa chumvi, tukanyonya mabibo hadi midomo ikababuka, tukanuka moshi wa korosho mwaka mzima, na hakuna aliyemcheka mwenzake. Wajukuu zangu leo wanaoga mara mbili kwa siku, kisha wanajipulizia manukato kana kwamba hawaamini kazi ya maji.

Baba yangu hakuwa mtu wa pombe wala wa bao. Starehe yake ilikuwa pikapu. Alikuwa spana boi, msaidizi wa mafundi, kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu kule Nachingwea, na mashamba yalipofungwa alirudi nyumbani na spana sita, ovaroli moja, na hamu ya magari isiyopona. Siku moja akasikia kuna pikapu kuukuu imetupwa nyuma ya duka moja pale Masasi. Akaibadilisha kwa magunia ya korosho, ikafungwa kamba nyuma ya lori, ikapandishwa mlima. Ilifika kwetu haina kioo, haina kiti, na ndani ya injini anaishi kenge.

Kila Jumapili baada ya kanisa Baba alitandika mkeka uani, akaifungua ile pikapu kama anayechambua kuku, akapanga vyuma safu kwa safu, na ole wako ukanyage. Matairi aliyajaza nyasi. Bodi la mbao alilipaka mafuta makali ya maganda ya korosho ili mchwa wasilile. Sisi watoto hatukusubiri yakauke, tukapanda kucheza safari ya Lindi. Wiki nzima tulisoma tumesimama, na mwalimu hakuuliza, maana makalio ya darasa zima yalikuwa yamebabuka.

Tatizo lilikuwa rejeta, lile tangi la maji ya kupoza injini. Ilivuja. Baba aliiziba kwa risasi aliyoiyeyusha kwenye makaa, kisha ikabidi ijazwe maji ajue kama imeshika. Ikavuja. Jumapili iliyofuata, tena. Na kila tone lilikuwa limepanda kutoka bondeni juu ya kichwa cha Mama. Jirani yetu Baba Saidi, aliyemwita Baba kwa jina langu, alikuwa akipita makusudi.

“Baba Agnes, hiyo si gari, huyo ni mkwe. Kila Jumapili anatengewa maji, na kulima halimi.”

Baba alicheka. Mama hakucheka, lakini maji hakumnyima, kwa sababu Baba alikuwa amemwahidi kitu, nami nilikuwepo. Siku pikapu itakapotembea, itabeba pipa, itazunguka kwa barabara hadi bondeni, na shingo ya Mama itapumzika. Siku zile Mama alikuwa ameanza kuamka shingo imekakamaa. Akiitwa kutoka pembeni, aligeuka mwili mzima.

Hatimaye Jumapili moja rejeta ilishika maji kutwa nzima bila kudondosha tone. Baba akayakinga tena, yakaenda kwenye bustani ya mchicha, akatangaza kwamba Jumapili ijayo tunakwenda bomani na kurudi. Nami nitakaa mbele. Mama akaleta debe zima, akalifunika kwa ungo, akasema hilo ni la gari, mtu asiliguse.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa na miaka kumi, na nilijua wasichana wa bomani watanitazama. Nikayaangalia magoti yangu, meupe kama unga wa muhogo. Jumapili ilipofika nikasingizia tumbo. Wenzangu walipokwenda kanisani, nikachukua lile debe na kipande cha sabuni, nikaenda nalo nyuma ya nyumba. Nilikusudia kata moja tu. Ninyi mliokulia kule mnajua kata ya kwanza ikikushuka mgongoni inavyoita ya pili. Mke wa Bwana Shauri hajawahi kuoga vile. Nilipozinduka, debe lilikuwa limebaki robo.

Mchana kijiji kilijaa uani, hata waliokufa nadhani walikuja. Baba ameshika hendeli ya kuwashia, ovaroli imefuliwa. Akaniambia nijaze maji. Nikaimimina ile robo taratibu sana, ichukue muda wa debe zima, nikafunga kifuniko.

“Imejaa?”

“Imejaa, Baba.”

Ikawaka. Wenzangu, niliwahi baadaye kumaliza shule ya jioni na watoto wanne mgongoni, nikapewa cheti mbele ya watu, lakini sijaona tena furaha kama ile. Mama alikaa dirishani, kanga mpya, mkono nje. Baba Saidi alikimbia nyuma yetu akiomba lifti kwa mkwe. Tulikuwa tunaona paa za boma pale moshi ulipotoka, kisha ikalia kitu kama jiwe linalopasuka motoni, tukasimama.

Baba alingoja ipoe. Akafungua rejeta, kavu kabisa. Akatazama kichwa cha injini, kimepasuka kutoka upande huu hadi ule. Akapitisha kidole pale alipoziba kwa risasi, akasema polepole, “Sikuziba vizuri.” Nami nilikuwa nimesimama pale, ninang'aa.

Kesho yake alfajiri tuliteremka bondeni, mimi na Mama. Tulipofika kisimani akanigeukia, mwili mzima, akasema, “Jana shingo yako ilinukia sabuni. Mimi sitamwambia. Utamwambia mwenyewe.”

Sikumwambia. Wiki ya kwanza niliogopa fimbo. Baadaye haikuwa fimbo tena, sijui ilikuwa nini. Pikapu ilikokotwa hadi nyumbani, ikabaki pale uani, kuku wakatagia. Watu walimletea Baba baiskeli, cherehani, hata taa ya kandili, akawarudisha kwa upole akisema mikono yake haifai. Spana zile sita alimpa Baba Saidi, ambaye hakujua hata upande wa kushika. Mama aliendelea kushuka bondeni mpaka akawa hawezi kabisa kutazama juu.

Watoto wa leo wakikosea wanaandika kwenye simu, wasome watu elfu moja, na sisi wazee tunawacheka kwamba hawana staha. Mimi nimeacha kuwacheka. Sisi staha tulikuwa nayo tele. Miaka kumi na mitatu, mpaka anafariki, kila asubuhi nilipiga goti mbele ya Baba nikasema shikamoo. Akaniitikia marahaba mwanangu, akangoja kidogo, kisha kila mtu akaenda zake.