Magodoro ya Mama Fernande

Mama Fernande Vidalenc alikuwa fundi wa magodoro, na sijapata kuona fundi mkali kama yeye. Tangu ujana alizunguka vijiji vyetu vya Cantal, milimani Ufaransa, na ubao wake wa misumari wa kuchambulia, akilifumua godoro la sufu uani kwa mwenyewe, akiichambua sufu mpaka ifure kama maziwa jikoni, kisha akilishona upya. Baadaye yakaja magodoro ya sponji. Watu wakayatupa ya sufu, naye akapita nyuma yao na toroli kuyaokota. "Mtu mzima mzima unalalia kitu cha kusugulia sufuria!" alituambia usoni, mimi nikiwemo. Yote aliyarundika kwenye dari ya nyumba alimozaliwa, iliyobaki tupu mkabala na kwake.

Mwaka juzi mwoka mikate wetu alikuwa ameshakufa, na mkate tulinunua kwenye mashine ya kutia sarafu karibu na kituo cha mafuta. Mkate ule hata kuku wangu waliususa. Ndipo akapatikana kijana mmoja, Aurélien, mwenye mke na mtoto mchanga, aliyekuwa tayari kuwasha tena tanuri la kijiji iwapo angepata nyumba kabla ya Pasaka. Nyumba ilikuwa moja tu, hiyo ya Fernande. Lakini sheria haikuruhusu kupangisha bila cheti cha nishati, kile kinachosema nyumba inakula moto kiasi gani, kuanzia A hadi G. Na ya G haipangishwi kabisa.

Fernande aliposikia mkaguzi anakuja, alifanya kama mama yeyote wa kwetu anayengoja mgeni. Alisafisha.

"Léonce, njoo uteremshe haya magodoro, uyapeleke ghalani."

"Yote? Mama Fernande, na mgongo wangu huu?"

"Mgongo wako umepumzika tangu uoe. Unataka mgeni aseme natunza matakataka?"

Nikabeba. Yeye akasugua mbao za dari kwa sabuni, na siku yenyewe akawasha jiko la kuni tangu alfajiri.

Mkaguzi, Bwana Bastide, kijana mpole, aliingia akavua koti, kisha akavua na sweta.

"Pana joto, eh?" Fernande akasema kwa maringo.

"Joto tele, mama. Ila mimi sipimi joto la leo. Napima kuta, madirisha, dari." Akapanda juu. "Huku hamna kitu?"

"Hata vumbi hulioni, mwanangu!"

Akapiga hesabu kwenye kompyuta yake. Ikawa G. Fernande alikaa kwenye ngazi, na kwa mara ya kwanza nilimwona amezeeka. Roho iliniuma.

Bastide alipokuwa akienda kwenye gari lake alipita ghalani, mlango uko wazi, akasimama.

"Sufu yote hii ni ya wapi?"

"Ya darini," nikamjibu. "Tuliiondoa kwa heshima yako."

Alicheka mpaka akashika kiuno, halafu akamwona Fernande mlangoni, akajikaza. "Mama, sufu ni blanketi la nyumba. Nikiikuta imetandazwa juu, nene, bila mwanya, naiandika. Ya ghalani siwezi. Cheti sijakituma bado. Nitarudi wiki ijayo."

Fernande ana miaka themanini na moja. Kesho yake alikuwa uani na ubao wake wa misumari, akifumua godoro moja baada ya jingine, na kila moja akilitambua kwa kulishika tu. "Hili la mama yako, Léonce. Ulizaliwa juu yake, na ukalikojolea mpaka ukaanza shule." Wanawake wakaja kushona, sisi wanaume tukapandisha. Vidole vyake vilipotoka damu alivifunga kitambaa akaendelea, na ukimwambia pumzika anakutukana. Mimi nisingeweza, nasema kweli.

Siku ya mwisho tuliona pembe moja bado tupu, ile iliyo juu ya chumba atakacholala mtoto wa Aurélien. Sufu ilikuwa imekwisha.

"Nendeni mkale," akasema. "Hiyo niachieni."

Asubuhi pembe ilikuwa imejaa. Tulifurahi, wala hatukuuliza.

Bastide akarudi, akatambaa darini na rula yake, akashuka na sufu kichwani. "E. Si A, mama, lakini inapangishwa."

"Nani kakuomba A? Mimi naomba mkate."

Wiki ya Pasaka Aurélien aliwasha tanuri, akanipa mkate wa kwanza nimpelekee Fernande. Nilibisha, sikujibiwa, nikaingia mpaka chumbani kwa wasiwasi. Nilimkuta akitandika kitanda. Shuka ilikuwa haijafika ukingoni, na chini yake niliona sponji, jipya, bado lina karatasi ya dukani. Godoro lake la harusi, aliloshona kwa mkono wake na kulilalia na marehemu Antonin maisha yao yote, lilikuwa darini, juu ya mtoto wa mwoka mikate.

"Mama Fernande! Hata wewe?"

Akavuta shuka, akaninyang'anya mkate, akaukumbatia kifuani ungali moto.

"Ukimwambia mtu, Léonce," akasema, "nitakushona wewe."